Baiskeli Ina Nchi Ngapi? Jina, Asili na Faida katika Biashara ya Baiskeli Duniani

Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili atambue kwamba neno baiskeli ni la kukopa. Lilitoka katika Kiingereza, likarekebishwa silabi zake ili litamkike, likaingizwa katika ngeli ya I-ZI na kutulia humo. Majina ya sehemu za baiskeli nayo hayana asili moja. Breki, tairi na fremu yalikuja pamoja na chombo chenyewe; usukani uliazimwa kutoka vyombo vya baharini; tandiko lilitoka mgongoni mwa punda; mnyororo na kengele yalikuwapo katika lugha kabla ya baiskeli ya kwanza kuonekana katika nchi zetu. Lugha, kwa hivyo, imekiri waziwazi jambo ambalo biashara aghalabu hulificha: kwamba baiskeli moja ni mkusanyiko wa vitu vilivyotoka kwingi.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi biashara ya kuuza baiskeli katika nchi za nje inavyoendeshwa duniani, na hasa kutenganisha mambo matatu ambayo mnunuzi wa kawaida huyachukulia kuwa kitu kimoja. La kwanza ni jina lililoandikwa kwenye fremu. La pili ni nchi ya asili, yaani ile inayotajwa katika hati za forodha. La tatu ni mahali faida inapobaki. Hoja yetu ni kwamba mambo haya huweza kukaa katika nchi tatu tofauti, na kwamba taifa lisiloyatofautisha hujikuta likijivunia jina ilhali ujuzi umekwisha kuhama, au likishangilia kiwanda ilhali faida imekwenda kwingine.

Kuzaliwa kwa bidhaa ya ng'ambo

Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kinachotambuliwa na wanahistoria kiliundwa na Karl von Drais nchini Ujerumani mwaka wa 1817. Hakikuwa na pedali. Mwendeshaji alijisukuma kwa miguu yake ardhini. Wafaransa walitia pedali kwenye gurudumu la mbele katika miaka ya 1860. Hata hivyo, bidhaa iliyoweza kuuzwa kila pembe ya dunia ilipatikana mwaka wa 1885, pale John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli aliyoiita Rover. Hii ilikuwa na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaolizungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujazwa upepo mjini Belfast. Tangu hapo umbo la baiskeli halijabadilika kwa kiasi cha kumtatiza mtu wa karne ile akiiona ya leo.

Miongoni mwa kampuni zilizonufaika na uvumbuzi huo ni Raleigh ya Nottingham, iliyopewa jina la barabara ilipokuwa karakana yake ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, nyingi zikipelekwa ng'ambo. Makoloni ya Uingereza yalikuwa soko lililoandaliwa tayari: lugha ya biashara ilikuwa moja, forodha ilikuwa mikononi mwa mtawala yule yule, na karani, mwalimu na mhubiri walihitaji chombo cha kuwafikisha wanakotumwa. Baiskeli nzito ya chuma, yenye breki za vyuma virefu badala ya nyaya na karia imara nyuma, ikawa ndiyo baiskeli machoni pa Waafrika wengi. Hapa Kenya umbo hilo lingali linajulikana kwa jina la Black Mamba.

Si haki kuisimulia sura hii bila kutaja mpira. Tairi la Dunlop lilichochea mahitaji makubwa ya utomvu wa mpira, kwanza kwa ajili ya baiskeli na baadaye kwa ajili ya magari. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu mwaka wa 1885 hadi 1908. Wanakijiji walilazimishwa kugema mpira kwa viwango walivyopangiwa, na walioshindwa kuvitimiza waliteswa, wakakatwa viungo au kuuawa. Ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka wa 1904, iliyaweka bayana mengi ya mambo hayo. Aliyeendesha baiskeli kwa raha katika bustani za Ulaya hakuonyeshwa hati yoyote iliyoeleza mpira wake umetoka mkononi mwa nani. Tangu mwanzo, basi, jina lililoandikwa kwenye fremu lilisema machache kuliko lilivyoficha.

Mwenye jina na mwenye kiwanda

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia masoko ya makoloni yalianza kufungika. India, ilipopata uhuru mwaka wa 1947, iliazimia kujiundia bidhaa zake na kuwekea vikwazo zile za kigeni. Mji wa Ludhiana katika jimbo la Punjab ukawa kitovu cha kazi hiyo. Ndugu wa ukoo wa Munjal, waliotoka Kamalia katika sehemu ambayo sasa ni Pakistan, walikuwa wakifanya biashara ya vipuri vya baiskeli tangu mwaka wa 1944, na mwaka wa 1956 wakaanzisha kampuni ya Hero. Kufikia mwaka wa 1986 Hero ilikuwa imetambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mwundaji mkubwa kuliko wote wa baiskeli duniani. Uchina nayo ilikuza viwanda vya dola, vikiwemo Flying Pigeon mjini Tianjin pamoja na Phoenix na Forever mjini Shanghai. Umbo la Kiingereza likawa linaundwa Asia na kuuzwa Afrika, bila Mwingereza kuhusika tena.

Hata hivyo, kisa kinachofafanua zaidi uhusiano wa jina na kiwanda ni kile cha Schwinn na Giant. Schwinn ilianzishwa Chicago mwaka wa 1895, na kwa vizazi kadhaa jina lake lilikuwa sawa na baiskeli yenyewe akilini mwa watoto wa Marekani. Mwaka wa 1980 wafanyakazi wa kiwanda chake takribani 1,400 waligoma. Badala ya kusubiri mgomo uishe, kampuni iliongeza oda zake kwa Giant, kampuni changa iliyoanzishwa nchini Taiwan mwaka wa 1972 na King Liu na wenzake. Wahandisi na mashine vilipelekwa Taiwan ili ubora ufikie kiwango kilichotakiwa. Kiwanda cha Chicago hakikudumu baada ya hapo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya baiskeli zilizouzwa kwa jina la Schwinn zilikuwa kazi ya Giant.

Schwinn iliamini kwamba maadamu inamiliki jina, inaimiliki biashara. Giant kwa upande wake ilikuwa ikijifunza kuchomelea fremu nyepesi, kupanga kazi kiwandani, kupima ubora na kutimiza oda kwa wakati. Isitoshe, ilikuwa ikijifunza Mmarekani anapenda baiskeli ya aina gani. Schwinn ilipohisi hatari ya kumtegemea mshirika mmoja na kununua hisa katika kampuni nyingine nchini Uchina mwaka wa 1987, Giant ilikwisha kuanza kuuza baiskeli kwa jina lake yenyewe barani Ulaya, na mwaka huo huo ikaingia soko la Marekani. Mwaka wa 1992 Schwinn iliomba ulinzi wa mahakama baada ya kufilisika. Jina lake halikufa. Limeuzwa na kununuliwa mara kadhaa tangu wakati huo. Vivyo hivyo Raleigh ilifunga shughuli zake za mwisho za uundaji mjini Nottingham mwaka wa 2002, na mwaka wa 2012 jina likanunuliwa na kampuni ya Uholanzi iitwayo Accell. Majina yalibaki kama vibao vya maduka ambayo wenyewe walikwisha kuhama.

Kipuri kidogo, nguvu kubwa

Ikiwa mwenye jina huweza kupokonywa biashara na mwenye kiwanda, je, mwenye kiwanda naye yu salama? Jibu linapatikana katika mji wa Sakai, Japani, uliosifika tangu zamani kwa wafua visu. Huko ndiko Shozaburo Shimano alikoanzisha karakana mwaka wa 1921 ili kuunda kipuri kimoja tu: kile kinachomwezesha mwendeshaji kuacha kukanyaga huku gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka, ambacho mafundi wetu hukiita friwili.

Kwa miaka mingi mwundaji wa baiskeli aliweza kununua gia kwa huyu, breki kwa yule na mnyororo kwa mwingine, kisha akaviunganisha. Mabadiliko yalitokea katika miaka ya 1980. Kampuni nyingine ya Japani, SunTour, ilikuwa imemiliki tangu mwaka wa 1964 hataza ya muundo bora zaidi wa kifaa cha kuhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Hataza hiyo ilipoisha mwaka wa 1984, Shimano iliuchukua muundo ule na kuuunganisha na mtindo wake mpya, ambao kila gia ilikuwa na kituo chake maalumu kwenye kiwiko cha kubadilishia. Mwendeshaji hakuhitaji tena kubahatisha. Alisikia mlio na gia ikakaa. Lakini ili mtindo huo ufanye kazi barabara, kiwiko, waya, mnyororo na magurudumu ya meno yalipaswa kulingana kwa vipimo vya nchani. Mwundaji aliyetaka kipuri kimoja cha Shimano akawa na sababu nzuri ya kununua vyote. SunTour haikuweza kuhimili ushindani huo.

Hapa tunaona sura ya pili ya faida. Baiskeli mbili zenye majina hasimu, zilizounganishwa katika nchi mbili tofauti, huweza kubeba vipuri vya kampuni moja, na yeyote kati ya wale mahasimu akiuza, mwenye vipuri hupata chake. Shimano yenyewe imeweka viwanda Singapore, Malaysia na Uchina, kwa hivyo hata ukisema kipuri ni cha Kijapani umetaja mwenye ujuzi tu, si lazima uwe umetaja mahali kilipoundwa.

Ushuru na suala la asili

Baiskeli ni bidhaa inayochukua nafasi kubwa ikilinganishwa na uzito wake. Kontena la meli hujaa maboksi ya baiskeli kabla halijawa zito, kwa maana hiyo mwuzaji hulipia hewa nyingi. Kwa sababu hii husafirishwa usukani ukiwa umegeuzwa na pedali zimefunguliwa, au hufumuliwa kabisa na kwenda kuunganishwa karibu na soko. Kwa wafanyabiashara hilo ni suala la nauli. Kwa maafisa wa forodha huzua swali gumu: je, baiskeli iliyofumuliwa Asia na kuunganishwa Ulaya ni ya wapi?

Swali hilo lilipata uzito mwaka wa 1993, wakati nchi za Ulaya zilipoiwekea Uchina ushuru wa asilimia 30.6 zikidai kwamba baiskeli zake zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ushuru wa aina hii hutozwa juu ya ule wa kawaida, kwa madhumuni ya kuvikinga viwanda vya ndani. Mwaka wa 1997 ulipanuliwa ili ujumuishe baadhi ya vipuri muhimu, kwa kuwa palikuwa na walioingiza vipuri na kuviunganisha ili kuukwepa. Mwaka wa 2005 ulipandishwa hadi asilimia 48.5. Mwaka wa 2013 ulienezwa kwa baiskeli zilizotumwa kupitia Indonesia, Malaysia, Sri Lanka na Tunisia, isipokuwa za kampuni zilizothibitisha kwamba ziliunda kwa hakika, na mwaka wa 2015 ukaenezwa kwa Kambodia, Pakistan na Ufilipino kwa utaratibu huo huo. Baiskeli za umeme za Uchina nazo ziliwekewa ushuru wa namna hiyo Januari 2019.

Maji yakizuiwa huku hupenya kule. Kambodia na Bangladesh, ambazo kama nchi maskini zaidi ziliruhusiwa kuuza Ulaya bila ushuru, zilivutia wawekezaji na kuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa baiskeli katika soko hilo. Ndani ya Ulaya kwenyewe, Ureno ilinufaika pakubwa: mwaka wa 2019 iliunda takribani baiskeli milioni 2.7, idadi iliyozidi ya taifa jingine lolote katika Umoja wa Ulaya. Vipuri vingi vya baiskeli hizo huagizwa kutoka Asia. Marekani nayo, ilipoziwekea bidhaa za Uchina ushuru wa ziada wa asilimia 10 mwaka wa 2018 na kuupandisha hadi asilimia 25 mwaka wa 2019, ilisababisha oda nyingi kuhamishiwa Taiwan, Kambodia na Vietnam. Nchi ya asili, basi, si ukweli wa kimaumbile kama asili ya mto. Ni hukumu ya kisheria, na sheria ikibadilika, asili nayo huhama.

Hati ya asili haisemi lolote kuhusu mikono iliyofanya kazi. Septemba 2025, mamlaka ya forodha ya Marekani iliamuru baiskeli na vipuri vya Giant vilivyoundwa Taiwan vizuiwe mipakani, ikidai kwamba palikuwa na dalili za kazi ya kulazimishwa miongoni mwa wafanyakazi wahamiaji, yakiwemo madeni waliyobebeshwa ili waajiriwe. Kampuni ilisema ingetafuta amri hiyo iondolewe. Vyovyote vile, tukio hilo liliturudishia lile swali la zama za mpira wa Kongo: ni nani anayelipia unafuu wa bei?

Nafasi ya Afrika Mashariki

Katika biashara hii nchi zetu zimekuwa zaidi wanunuzi kuliko wauzaji. Hata hivyo, mnunuzi naye ana mchango. Ni katika mpaka wa Kenya na Uganda, maeneo ya Busia, ambapo baiskeli ya kuendea kazini iligeuzwa kuwa kazi yenyewe, na neno la Kiingereza la mpaka likatupatia bodaboda. Wauzaji wa maziwa, wachuuzi wa samaki na wasafirishaji wa makaa waliifanya karia kuwa kiungo muhimu kuliko gia. Kenya ilipowapunguzia kodi wanunuzi wa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, wengi wa wanabodaboda walihamia huko, lakini baiskeli haijaacha kubeba mizigo vijijini.

Sera ya ushuru hapa inahitaji busara. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka wa 2005, ulijengwa juu ya ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa kiasi na 25 kwa bidhaa kamili, ngazi ya nne ya asilimia 35 iliongezwa mwaka wa 2022. Mantiki yake ni kwamba kadiri kitu kinavyokaribia kukamilika, ndivyo kinavyotozwa zaidi, ili kazi ya kukikamilisha ifanyike nyumbani. Tatizo ni kwamba baiskeli ni bidhaa kamili dukani na ni zana ya kazi mikononi mwa maskini. Kuitoza sana ni kumtoza mchuuzi kabla hajauza. Kuiachilia kabisa ni kufunga mlango wa kujifunza kuiunda.

Kuna waliojaribu kupita katikati. Baiskeli za Buffalo, zinazotolewa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka wa 2005, huunganishwa humu nchini na katika mataifa mengine ya Afrika kutokana na vipuri vinavyoundwa ng'ambo, na zimesanifiwa kwa kuzingatia barabara na mizigo ya mashambani. Kuunganisha huleta ajira na hupunguza nauli. Lakini mifano tuliyoiona inatuonya kwamba kuunganisha peke yake ni ngazi ya chini: ushuru au mshahara ukibadilika, kazi hiyo huhama kwa urahisi ule ule ilivyokuja.

Kuna faida moja ambayo imekuwa yetu bila kutajwa katika takwimu za biashara, nayo ni matengenezo. Kwa kuwa baiskeli ya zamani ya chuma iliigwa na wengi, vipimo vyake vilikuwa mali ya wote. Tairi la Ludhiana liliingia katika ringi ya Tianjin, na fundi aliyekaa chini ya mwembe aliweza kuitengeneza kwa spana chache na kipande cha tyubu kuukuu. Baiskeli ya umeme inayokuja ina betri, mota na programu ambazo mwundaji huweza kuzifunga zisifunguliwe na mtu mwingine. Tukiipokea bila kuuliza fundi wetu atapata wapi vipuri na maelezo, tutakuwa tumeikabidhi ng'ambo hata ile faida ndogo iliyobaki nyumbani.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina, asili na faida ya baiskeli ni vitu vitatu, na kwamba kati ya hivyo jina ndilo huonekana zaidi na ujuzi ndio hudumu zaidi. Aidha, waliofanikiwa kuipata faida wana jambo wanalofanana. Munjal na nduguze walianza na vipuri. Shimano ilianza na friwili. Giant ilianza kwa kuwaundia wengine. Hakuna kati yao aliyeanza kwa baiskeli kamili yenye jina lake na kutaka dunia iitambue mara moja. Kila mmoja alijifunza jambo moja vizuri hadi wengine wakamhitaji.

Mafundi wa jua kali wa Kenya tayari huchomelea karia na stendi zilizo imara kuliko zile zinazokuja na baiskeli kutoka kiwandani, kwa sababu wanaijua mizigo itakayobebwa. Huo ni ujuzi, na mahali pake ni katika mipango ya viwanda, katika vyuo vya ufundi na katika mazungumzo ya ushuru. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu pia. Fundi hawezi kusomeshwa, wala kanuni ya ushuru haiwezi kujadiliwa na mwananchi, bila istilahi zinazoeleweka. Lugha iliyoweza kuutoa usukani jahazini na kuupachika kwenye baiskeli haitashindwa kumpa fundi majina ya sehemu za mota na betri, mradi tuifanye kazi hiyo mapema, kabla maboksi hayajafika bandarini.